Siku ya Wanga

Cheche alikuwa mwanamke wa kuinua geti la chuma peke yake na kulisimamisha ukutani bila kuita mtu. Lakini asubuhi ile mlango wa kioo wa duka la mikate ulimshinda. Alisimama nje, mkono juu ya kitasa, akajifanya anasoma bei zilizobandikwa dirishani kama mgeni.

Ndani alikuwemo Mwokaji. Alimwona kupitia kioo, amewapa wateja mgongo, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Alikuwa hajamwona tangu Jumapili, na siku hizo chache zilimwelemea kuliko mzigo wowote aliowahi kubeba.

Majina waliyopewa na wazazi wao yalikwisha kumezwa na kazi zao. Yeye aliitwa Cheche kwa sababu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa sababu ya ulimi wake pia. Yule aliitwa Mwokaji tu, na wateja, na marafiki, hata na watu wa benki. Walijuana siku mlango wa tanuri lake ulipokatika bawaba. Aliubeba mwenyewe hadi karakana, akauliza fundi yuko wapi. Fundi akainua kinyago chake cha kuchomelea, uso umelowa jasho, akasema, "Fundi ni mimi. Kimevunjika nini?" Mwokaji, mwanaume mzima, akasahau kimevunjika nini. Alisimama tu na mlango mikononi, akitabasamu kama mtu aliyepotea njia akapapenda alipotokea.

Kuanzia siku hiyo alimletea mkate. Kila jioni mkate, bado una moto, umefungwa kwenye kitambaa. Hakuwa hodari wa maneno ya mapenzi. Maneno yake yote aliyatia kwenye unga.

Kisha yakaja mashindano.

Tangu shuleni Cheche alichekwa kwa sababu ya mabega yake. Shangazi zake walimshauri avae nguo pana ayafiche. Ni Kocha, mwanamke wa makamo aliyewahi kutwaa vikombe vya kutunisha misuli enzi zake, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuyatazama mabega hayo akasema, "Mungu wangu, haya ni mali!" Akamchukua, akamfundisha, na safari hii akamwandikisha mashindano makubwa. Ili misuli ionekane sawasawa, karibu mafuta yote ya mwilini yalipaswa kuondoka; wenyewe wanaita kukauka. Mkate ukatoka. Wali ukatoka. Viazi vikatoka. Vikabaki vifua vya kuku, mayai na majani ya kuchemsha.

Mwanzoni waliufanyia utani. Mwokaji alileta mkate, Cheche akaunusa, akafumba macho, akamrudishia. Baada ya muda utani ukaisha. Alirudisha mkate bila kuunusa. Baadaye akamwambia asilete kabisa.

Na Jumapili ile ndipo mambo yalipoharibika. Mwokaji alimpeleka kwa mama yake kumtambulisha. Mama alikuwa jikoni tangu asubuhi, akajaza meza hadi pembeni hapakubaki pa kuweka glasi. Cheche akashukuru vizuri, akakaa vizuri, halafu akafungua mkoba wake akatoa kikopo cha plastiki chenye kuku wake na majani yake. Akala hicho. Mama alikitazama kikopo kile mpaka kikawa kitupu.

Walipotoka nje, Mwokaji alimgeukia kwa hasira. "Chagua," alimwambia. "Mimi au hilo jukwaa lako."

"Basi nimechagua," Cheche alijibu, ulimi umetangulia, moyo umebaki nyuma. Akaondoka.

Sasa yuko hapa, anasoma bei za mikate.

Mteja mmoja alitoka, akamshikilia mlango. "Unaingia, dada?"

Hakukuwa tena na namna ya kukwepa. Akaingia.

"Karibu," alisema Mwokaji bila kugeuka. Halafu akageuka. Donge la unga alilokuwa nalo mkononi likabaki hewani.

Walitazamana. Alikuwa amekonda kidogo usoni, Cheche aliona, na yeye hayuko kwenye diet yoyote. Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini yalikuwa macho yale yale, na yalifanya kile yalichokuwa yakifanya siku zote: yalimtazama mabegani kwanza, kwa heshima, kama watu wanavyotazama kitu kilichotengenezwa vizuri, halafu yakapanda usoni.

"Nimekuja kununua mkate," Cheche akasema.

"Mkate wa nani?"

"Wangu."

"Wa kumpelekea nani?"

"Wa kula mimi, jamani. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Mwokaji aliweka donge mezani polepole. "Umeacha mashindano?"

"Sijaacha."

"Sasa?"

"Kocha amenipa siku za kula. Leo na kesho. Mkate, wali, viazi, vyote vile nilivyonyimwa. Si kwamba nimeachiwa kamba nile kila kitu. Mafuta bado hapana. Lakini wanga nile mpaka nishibe."

Alitegemea atafurahi. Badala yake aliona taya zake zikikaza.

"Kwa hiyo," Mwokaji alisema kwa sauti ya chini, "Jumapili mama yangu alipokupakulia kwa mkono wake, haikuwezekana. Leo Kocha amesema, imewezekana."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Ndiyo," alisema. "Hivyo ndivyo ilivyo. Na nimekaa nyumbani jana usiku nikijiuliza ningefanyaje tofauti, na jibu ni kwamba ningekupigia simu mapema, nikwambie, 'Mpenzi, wiki hii siwezi kula, tusogeze mbele.' Sikukwambia kwa sababu niliogopa utanichoka. Umeshaanza kunichoka."

"Nani kakwambia nimekuchoka?"

"Ulisema nichague."

"Nilisema upumbavu!" Sauti ilimpanda, akaishusha, akafuta mikono kwenye aproni ingawa unga ulizidi kusambaa tu. "Nilisema upumbavu, Cheche. Nimeunguza trei tatu tangu Jumapili. Muulize mtu yeyote mtaa huu. Wanakula makaa."

Cheche alitaka kucheka, na badala yake akajikuta anashika ukingo wa kaunta. Kichwa kilikuwa chepesi. Mwokaji aliona. Alizunguka kaunta haraka, akamshika kiwiko.

"Una nini?"

"Njaa."

"Mikono yako mbona baridi hivi? Nje jua linawaka."

"Iko hivyo kila siku sasa. Nalala na soksi." Aliinamisha kichwa. "Jana geti lilinishinda. Dogo tu, la bustani. Niliinua, mikono ikakataa, likaniponyoka. Mwenzangu aliwahi kulidaka, la sivyo lingemwangukia mguuni. Nikaenda kwa Kocha nikamwambia. Akaniambia, misuli imeishiwa, iko kama sponji lililokauka. Wanga ukiingia unarudi kwenye misuli na unavuta maji pamoja nao, nguvu zinarudi, hata usingizi unarudi, na hasira zinapungua. Akasema nimekata chakula muda mrefu mno bila kupumzika. Akasema nenda kale."

"Na ukaja hapa."

"Nyumbani kuna mchele. Jirani yangu anauza viazi." Aliinua macho. "Miezi yote hii nimekuwa nikiwaza siku nitakayokula mkate. Sikutaka uwe wa mtu mwingine."

Mwokaji alimshika mikono yote miwili, akaifumbata ndani ya mikono yake mikubwa yenye unga, akaipulizia pumzi kama anavyowasha moto. Mteja aliyeingia wakati huo aliona hali ilivyo, akachukua mkate wake mwenyewe rafuni, akaacha hela, akatoka kimya kimya.

"Njoo nyuma," Mwokaji akasema.

Nyuma ya duka kulikuwa na joto zuri. Tanuri lilinguruma taratibu. Palikuwa na meza ndefu ya mbao, magunia ya unga yamepangwa ukutani, mashine ya kukandia, na jiko dogo la gesi la kupikia chai. Mwokaji alimketisha kwenye kiti kilicho karibu na tanuri, akamfunika mabega kwa koti lake, ingawa koti halikuyatosha.

"Nikupe upi? Kuna wa siagi umetoka sasa hivi."

"Usio na siagi."

Alisimama akamtazama. "Mkate wangu bila siagi?"

"Mafuta hayaruhusiwi. Nimekwambia."

"Cheche. Unataka nikuoe au unataka kuniua?"

"Kwani umeniposa lini? Sijasikia ombi."

Mwokaji aliona haya kama kijana wa shule, akageukia unga wake. "Kuna donge limeumuka, bado sijalitia siagi," alisema akiwa amempa kisogo. "Unga, maji, hamira na chumvi. Utasubiri kidogo?"

"Nimesubiri miezi. Nitasubiri."

Akaukata unga vipande, akaviviringisha, akavipanga kwenye trei. Cheche alimtazama anavyofanya kazi. Alipenda jinsi alivyougusa unga, kwa nguvu lakini bila kuuonea. Alipoingiza trei tanuroni alichukua viazi kwenye kapu, akavimenya, akaviweka kwenye sufuria yenye maji na chumvi. Hakuuliza lolote tena juu ya mafuta. Alikuwa ameelewa.

Mkate ulipotoka, harufu ilimpanda Cheche mpaka akafumba macho. Mwokaji aliuvunja kwa mkono, mvuke ukatoka, akapaka jemu ya matunda juu yake. "Jemu je?"

"Jemu ruksa. Ni sukari tu, haina mafuta."

Akampa. Cheche akauma. Ganda likalia kati ya meno yake, halafu ndani ukawa laini, wa moto, mtamu. Hakutafuna haraka. Aliuacha mdomoni. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, yakateremka hadi kidevuni, naye akaendelea kutafuna.

"Chumvi imezidi?" Mwokaji aliuliza kwa wasiwasi.

Akatikisa kichwa.

"Ni mgumu?"

Akatikisa tena. "Nyamaza," alisema mdomo umejaa. "Usiniharibie."

Mwokaji akavuta gunia, akalikalia mbele yake, akamtazama anavyokula, uso wake umejaa furaha ambayo mtu huwa nayo anapotazama mvua baada ya kiangazi. Akampa kipande cha pili. Cha tatu. Alipokuwa anaingia kwenye cha nne, na mashavu yake yameanza kupata rangi, mlango wa nyuma ulifunguliwa.

Mama aliingia, mkoba begani na mfuko wa hamira mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kutembea kana kwamba kila sakafu ni yake. Alimwona mwanawe amekalia gunia. Alimwona Cheche, ana koti la mwanawe mabegani na jemu kidevuni.

Cheche akasimama upesi, mkate ungali mkononi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama aliweka mfuko mezani. Akatazama mkate, akatazama mdomo wa Cheche. "Kumbe unakula."

"Mama," Mwokaji alianza.

"Nimemwambia kitu kibaya? Nimesema kumbe anakula. Kwangu alikula kikopo."

Cheche alimeza. "Leo ni siku ya wanga, Mama."

Mama akarudi nyuma hatua. "Siku ya nani?"

"Ya wanga."

"Wanga wana siku yao? Mchana kweupe? Ndani ya duka la mwanangu?"

Mwokaji alishika kichwa. "Mama, si wanga hao. Siyo wachawi. Wanga wa chakula. Uliomo kwenye mkate na viazi."

"Ah." Mama aliweka mkono kifuani. "Basi semeni chakula. Mmenitia hofu." Lakini pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, akaikaza isicheze zaidi. Kengele ya kaunta ikalia huko mbele. "Nenda kahudumie," akamwambia mwanawe.

"Mama, tafadhali..."

"Nenda. Simli mimi. Wanaokula watu ni wanga, si mimi."

Mwokaji akamtazama Cheche. Cheche akamwashiria aende. Akaenda, akigeuka nyuma mara kwa mara.

Wakabaki wanawake wawili na mlio wa tanuri. Mama alisogea kwenye sufuria, akachoma kiazi kwa ncha ya kisu, akazima jiko. Akavichuja, akavitia kwenye sahani, akaiweka mbele ya Cheche. Hakutafuta mafuta wala siagi. Ilionekana alikuwa amesikia kila kitu akiwa nyuma ya mlango.

"Kaa, binti. Kula."

Cheche akakaa. "Mama, nakuomba radhi kwa Jumapili. Nilikukosea."

"Ulinikosea," Mama alikubali. "Lakini sikukasirikia kikopo. Mwanangu anadhani nimekasirika. Mimi niliogopa." Alivuta kigoda, akakaa, akakunja mikono. "Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Mzuri kuliko sote. Alianza kukataa sahani, leo hana hamu, kesho ameshakula kwa jirani. Nasi tulimsifia umbo. Tulimsifia, unanisikia? Tulipokuja kuelewa alikuwa anaumwa, hakuna alichoweza kukishika tumboni. Nilimzika akiwa mwepesi kama mtoto. Sasa wewe unakuja kwangu, mashavu yamebonyea, unatoa kikopo. Niliona nini, unadhani?"

Cheche aliweka kiazi chini. Hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Alidhani ni mama mkwe anayelinda meza yake.

"Pole, Mama."

"Nimeshapoa. Nataka kujua kitu kimoja, unijibu kama unavyomjibu mama yako." Alisogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Siku zako unaziona?"

Cheche alitazama sahani.

"Nimekuuliza."

"Zimepotea," Cheche alisema. "Tangu nilipoanza kukauka sana."

"Huyo Kocha wako anajua?"

"Aliniuliza. Nikamwambia ziko sawa." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. "Niliogopa ataniondoa. Mama, hujui. Mabega haya yamechekwa tangu nikiwa mdogo. Pale jukwaani ndipo mahali pekee watu wanakuja kwa hiari yao kuyatazama."

Mama aliyatazama mabega yake, koti la mwanawe likiwa limeyashindwa. Alinyoosha mkono akagusa moja, kama anayepima kitambaa dukani.

"Mazuri," alisema. "Mtoto akilala hapo hataanguka. Mpigie."

"Nani?"

"Kocha. Hapa, mbele yangu. Mwambie ukweli."

Cheche alitoa simu. Vidole vilikuwa vimeanza kupata joto. Kocha alipokea mara moja, na sauti yake ikajaa chumba.

"Umekula?"

"Nakula, Kocha. Kocha, nilikudanganya." Akamwambia.

Upande wa pili Kocha akapumua kwa nguvu. "Ningekuwa hapo ningekuzaba kibao, halafu ningekukumbatia. Unajua nimestaafu kwa sababu gani? Nilidanganya hivyo hivyo. Mifupa yangu ndiyo iliyolipia, ikawa dhaifu. Sikiliza sasa. Hizi hazitakuwa siku mbili tena. Siku mbili za wanga zinajaza misuli, hazirudishi kilichopotea kwa miezi. Diet imeisha leo. Kula kwa mpangilio nitakaokupa, mafuta pia yarudi kidogo kidogo. Jumatatu tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe."

"Na mashindano?"

"Daktari akiruhusu, utapanda na mwili ulio nao. Sitakudanganya, wenzako watakuwa wamekauka kuliko wewe. Kombe pengine utalisikia tu likitajwa. Na asubuhi mizani itakuonyesha umepanda, usilie, ni maji hayo. Daktari akikataa, basi mwaka huu tunakaa kwenye viti tunapiga makofi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hapo ulipo uko na nani?"

Cheche alimtazama Mama. Mama akasogeza mdomo kwenye simu. "Yuko kwa mama yake mwingine," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Sahani haitoki hapa ikiwa na kitu."

Simu ilipokatika, Cheche alifunika uso. Alilia kilio cha mtu aliyebeba kitu muda mrefu kisha akaambiwa akiweke chini. Aliona asubuhi zote za kukimbia kabla ya kazi, njaa zote alizolala nazo, na kombe linaondoka na mtu mwingine. Mama hakumbembeleza kwa maneno. Alimpapasa mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamsogezea sahani.

"Lia," alisema. "Lakini kula."

Mwokaji alikuta hali hiyo aliporudi. Alisimama mlangoni, rangi imemtoka. "Mama, umemfanya nini?"

"Hajanifanya kitu." Cheche alijifuta machozi kwa kiganja. "Kaa. Nina la kukwambia."

Akamwambia yote, uongo aliomwambia Kocha, mwili ulivyoanza kugoma, daktari wa Jumatatu, na kombe ambalo huenda hatalipata. Mwokaji alisikiliza bila kumkatiza. Cheche alipomaliza, Mwokaji alipiga magoti mbele ya kiti chake, juu ya sakafu yenye unga, suruali ikaharibika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema niache."

Mwokaji alifikiri. "Ningesema," alikiri. "Ningesema kwa kelele, nawe ungeendelea ili kunikomoa."

"Ningeendelea."

"Sasa sisemi. Lako na daktari na Kocha. Ukipanda, duka nitalifunga siku hiyo, nimeshawaambia wateja, wale hata biskuti. Nitakaa mbele kabisa. Usipopanda, nitakaa popote utakapokaa." Alimshika mikono tena. Akaigeuza, akaiangalia. "Imepata joto."

"Ni mkate wako."

"Bila siagi," alisema kwa uchungu wa kweli, na Cheche akacheka, kicheko kikubwa cha karakana ambacho hakuwa amekisikia kikitoka kinywani mwake mwenyewe kwa muda mrefu. Walitazamana kwa karibu. Mwokaji alimfuta jemu kidevuni kwa kidole gumba, akakichelewesha hapo, na pumzi za wote wawili zikabadilika.

"Mimi bado nipo," Mama alisema kutoka mezani. "Sijafa, sijatoka."

Mwokaji aliondoa kidole haraka. Cheche akainama kwenye sahani yake kuficha uso, akachukua kiazi.

Mama alikuwa amejikatia kipande cha mkate usio na siagi. Aliutafuna kwa makini, kama hakimu. "Si mbaya," alisema. Kisha akaendelea kumtazama Cheche anavyokula, kiazi baada ya kiazi, kwa uchu, bila aibu tena, mashavu yamejaa kama mtoto. Alimtazama kwa muda. Kitu fulani usoni mwake, ambacho kilikuwa kimekaza tangu Jumapili, na pengine tangu miaka mingi kabla ya Jumapili, kikalegea.

"Huyu si mgonjwa," alimwambia mwanawe. "Huyu ana njaa. Nimewaona wote wawili, mgonjwa na mwenye njaa, tofauti naijua."

Alipangusa makombo kwenye nguo yake, akachukua mkoba, akasimama. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Binti," alisema. "Kwenu wanapokea wageni siku gani?"

Mwokaji, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, alishika mguu wa meza. Cheche aliinua kichwa, macho yamemtoka, mdomo umejaa kiazi kiasi kwamba hakuna neno lingeweza kupita.

"Jumamosi!" Mwokaji akasema.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye kwao." Mama alimgeukia Cheche, mkono kiunoni. "Meza kwanza, mwanangu. Taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Cheche alitafuna. Alimeza. Akafuta mdomo kwa mkono wa koti la Mwokaji, akamtazama mwanaume aliyepiga magoti mbele yake, nywele zimejaa unga, macho yanaomba kile ambacho mdomo ulishindwa kukiomba. Kisha akamgeukia Mama.

"Jumamosi, Mama," alisema. "Jumamosi baba yangu huwa nyumbani."